Jina la Kwenye Mchele

Siku ya nne baada ya kuuchoma mwili wa mume wangu, mawaziri ishirini na tisa walikaa chini sebuleni kwangu, miguu mitupu, na wote walikuwa wafu. Si mafumbo, ndivyo sheria ilivyo kwetu. Waziri Kiongozi wa jimbo akifa, baraza lake zima hufa naye. Waziri wa Umwagiliaji si waziri tena, Waziri wa Maziwa si waziri tena, na ile taa nyekundu juu ya gari lake inabaki pambo tu mpaka apatikane mtu wa kuapishwa, awateue upya. Walikuja kunipa pole, sikatai. Lakini walikuwa wanatafuta pia mtu wa kuwafufua.

Nilikuwa nimeketi pembeni na sari yangu nyeupe, mbele yangu bakuli la wali uliochemshwa bila chumvi, bila mafuta, bila manjano. Wafiwa kwetu hawaonji chumvi mpaka siku ya kumi na tatu, na wanawake waliokuja kukaa nami matangani walikuwa wakinihurumia kwa chakula kile. Laiti wangejua! Wangeniletea mkaa ningeutafuna vilevile. Nilikuwa na ganzi kuanzia utosini hadi kwenye kucha, na tangu Jumatatu sikuwa nimetoa chozi hata moja. Nilisikia mmoja wao akimnong'oneza mwenzake jikoni, "Mke gani huyu, jiwe?" Nikajiambia, kweli, jiwe.

Bapurao Kharat akasogea karibu yangu. Huyu alikuwa rafiki wa mume wangu tangu wakiiba miwa pamoja, na kwa miaka tisa alikuwa Waziri wake wa Fedha. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye mkono laini, na akikushika bega hujui kama anakuegemeza au anakusukuma.

"Shemeji, umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Bakuli limejaa."

"Basi sijala."

Akashusha pumzi. Akanieleza mambo yao kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mgonjwa dawa zake. Chama kimepasuka pande mbili. Akisimama yeye, watu wa kusini watatoka. Akisimama mtu wa kusini, yeye atatoka, "na nakwambia mbele ya Mungu, Shemeji, nitatoka." Wakigombana wiki nyingine moja, Delhi itasema jimbo halina serikali, italiweka chini ya Rais, na hapo hakuna atakayepata kitu.

"Lakini ukikaa wewe," akasema, "nani atathubutu? Nani wa kumpinga mjane?"

"Mimi si mjumbe wa Bunge."

"Sheria inakupa miezi sita ya kuutafuta ujumbe. Miezi sita ni mingi."

"Kazi yenyewe siijui."

"Kazi ni kusaini. Si ulikuwa mwalimu wewe? Mengine tupo."

Mama mkwe wangu alikuwa chumba cha pili, kwenye bembea yake ya mbao inayoning'inia darini. Ana miaka themanini na sita, haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya paka. Bembea ikasimama. "Aende," akasema kwa sauti ya kufika mtaani. "Afadhali mkwe wangu kuliko kiti cha mwanangu kukaliwa na mbwa."

Mawaziri ishirini na tisa wakatazama vidole vya miguu yao. Nikasema sawa. Siku ile ungeniambia nipande mti, ningeuliza ni mti upi.

Bapurao akatoa karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ilimwambia Gavana kwamba nimekubali kuongoza. Ya pili ilimwambia Gavana huyohuyo kwamba, kwa sababu za kiafya, najiuzulu. Mahali pa tarehe palikuwa wazi.

"Hii ya nini?"

"Desturi tu, Shemeji. Siku ukichoka, hutasumbuka kuandika."

"Na tarehe?"

"Aa, tarehe haina haraka."

Nilielewa vizuri. Ganzi si upumbavu. Nilikuwa nakopeshwa kiti kwa kamba, na ncha ya kamba ilikuwa inarudi mfukoni mwake mbele ya macho yangu. Nikasaini zote mbili kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi zimesimama wima: Rajlakshmi Dinkarrao Nimbhore.

Jina hilo lina historia yake, na ni fupi. Lilizaliwa ndani ya sinia la mchele. Kwetu bibi harusi akiingia kwa mumewe, huletewa sinia la mchele uliosawazishwa, na bwana harusi huchukua pete yake akaandika humo jina jipya la mkewe. Watu hupiga makofi, hugawiwa peremende, na lile jina alilokuja nalo huachwa mlangoni pamoja na viatu. Nilikuja na Chabu. Chabu binti Sopan Tambe, fundi cherehani wa mtaa wa stesheni. Katika nyumba ya Nimbhore, yenye mashamba ya miwa na picha za mababu wenye vilemba, Chabu halikuwa jina la kumwitia mtu. Nakumbuka, nikiwa nimefunikwa uso, mume wangu aliuharibu mchele mara ya kwanza, ukasawazishwa tena, akaandika upya. Nilidhani mkono wake ulitetemeka kwa aibu ya watu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimefundisha darasa la tatu miaka minne, na siku ile niliacha yote mawili, shule na jina.

Kasisi wa nyumba, aliyekuwa ameapa kwamba nisivuke kizingiti kabla ya siku ya kumi na tatu, alifunguliwa kitabu na Bapurao jioni ile, na ajabu ya Mungu akakuta aya inayoruhusu. Wanaume wakitaka kitu, vitabu navyo huwa na huruma. Kesho yake saa tano asubuhi nikapelekwa Ikulu ya Gavana.

Ndani ya gari niliwaza jambo moja tu, lilelile nililokuwa nikiliwaza tangu Jumatatu. Mimi na mume wangu hatukuwahi kuitana majina. Kwa watu wa rika letu ilikuwa mwiko, hasa mbele ya wakubwa. Akinitaka aliita, "Unasikia?" Nami nilijibu, "Nasikia, nakuja." Miaka thelathini na moja. Jumatatu asubuhi alikuwa verandani na gazeti, nami jikoni nikichunga maziwa yasifurike. Akaita, "Unasikia?" Nikajibu nakuja. Akaita tena, taratibu zaidi. Nikasema, "Nakuja bwana, maziwa!" Mara ya tatu hakuita. Nikadhani amekwenda kwenye simu. Nilipotoka na chai, gazeti lilikuwa sakafuni, na yeye alikuwa bado amekaa.

Gavana wetu alikuwa jaji mstaafu kutoka jimbo la mbali kusini, mwembamba, mwenye kuisema lugha yetu kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyolowa. Aliheshimu kila kanuni. Na kanuni ya kiapo ni hii: Gavana hutamka neno moja tu, "Mimi", halafu hunyamaza. Yanayofuata ni ya anayeapa. Hutaja jina lake, huapa kwa jina la Mungu, huahidi kuitii Katiba, kutenda haki kwa kila mtu bila hofu wala upendeleo, bila pendo wala chuki. Nilikuwa nimewahi kumwona mume wangu akifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili alilidaka neno lile kabla halijatua, kama mpira.

Nikasimama na kadi yangu ya kiapo. Ukumbi ulijaa. Mawaziri wafu walikuwa mstari wa mbele, wamepigwa pasi.

"Mimi," akasema Gavana.

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Kadi ilikuwa na jina kwa herufi kubwa, hata mtoto angelisoma. Lakini lile neno lilikuwa limeingia mahali. Ni lini mara ya mwisho mtu alinitaka niseme "mimi"? Nilikuwa mkwe, nilikuwa shemeji, nilikuwa mama kwa watoto wa wenzangu maana wa kwangu sikujaliwa, nilikuwa mke wa mheshimiwa kwenye kadi za mialiko. Nilimwangalia yule mzee. Alikuwa anangoja kwa heshima, hana haraka, kama anayeuliza kweli na hajui jibu. Bapurao akakohoa.

"Mimi," Gavana akarudia, polepole.

"Chabu," nikasema.

Sikupanga. Naweza kuapa tena juu ya hilo. Kinywa kilisema, nami nikakisikia kama nyinyi mnavyonisikia. "Chabu Sopan Tambe," nikaendelea, "naapa kwa jina la Mungu kwamba nitakuwa na imani ya kweli na utii kwa Katiba..." nikasoma mpaka mwisho, bila kukosea hata neno.

Katibu Mkuu wa serikali akawa anaipindua karatasi yake kutafuta huyo Chabu yuko upande gani. Gavana akainama kidogo. "Mama, hilo ndilo jina lako kisheria?"

"Ndilo lililo kwenye cheti changu cha ualimu. Na kwenye daftari la wapiga kura. Fomu nilijaza mwenyewe."

"Basi utie saini hivyohivyo," akasema yule jaji, akanigeuzia kitabu.

Garini Bapurao alikuwa anacheka kwa hasira. "Shemeji! Jina gani lile la kuitia mbuzi? Waandishi wananiuliza tumemwapisha nani!"

"Mimi."

"Haya, haya. Msiba ni msiba. Nitawaambia ulichanganyikiwa." Akawaambia, na magazeti yakaandika hivyo kwa huruma kubwa. Gazeti rasmi la serikali, ambalo halina huruma wala chuki, likachapisha Chabu Sopan Tambe. Bapurao hakuliwazia tena jambo hilo. Kwake yeye, kama kwa wanaume wote wa huko kwetu, jina la mwanamke kabla ya mchele ni kama meno ya utoto, yalikuwepo ila hakuna anayeuliza yalikwenda wapi.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amesikia redio. "Wanasema wamemwapisha binti wa fundi cherehani," akasema, akijisukuma kwa kidole cha mguu. "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama."

Bembea iliendelea kulia, nyii, nyii, na alipopewa chai aliipokea bila neno.

Ofisi ukiiendea lazima upite ushoroba wenye picha za waliotangulia. Wa kwanza kabisa amevaa koti la Kizungu, maana enzi za Mwingereza cheo hiki kiliitwa waziri mkuu wa mkoa, halafu nchi ilipopata uhuru waziri mkuu akabaki mmoja, wa Delhi, na hawa wakashushwa jina. Yupo aliyetawala miaka kumi na minne na yupo aliyetawala siku kumi na moja, na fremu zao ziko sawa. Mahali pawili ukuta ni mtupu, ile miaka ambayo Delhi iliivunja serikali na jimbo likakaa bila mtu. Wanaume kumi na sita. Wa kumi na sita ni wangu, na koja la maua shingoni lilikuwa bado bichi. Nilipita mbele yake kila asubuhi na sikuhisi kitu. Nyuma ya kiti chake palitandikwa taulo jeupe, kama ilivyo kwenye kila kiti cha mkubwa hapa kwetu. Mhudumu alipotaka kulibadilisha nikamwambia aliache.

Siku ya kumi na tatu ikapita, chumvi ikarudi, na sikuona tofauti yake. Nikafanya kazi. Kazi, kumbe, kweli ilikuwa kusaini, lakini hakuna aliyesema nisisome. Nilikuwa nimezoea kusahihisha madaftari arobaini na tano kwa siku. Nilisoma majalada na penseli nyekundu mkononi, na makatibu wakaanza kuniogopa kidogo, si kwa ukali, ila kwa sababu nilirudisha barua zenye makosa ya herufi.

Jumapili ya sita Bapurao alikuja nyumbani na orodha ya uhamisho. Maofisa sitini na wawili. Hapo ndipo serikali inapokaa, kwenye uhamisho. Hotuba ni maua ya mezani tu. Nikaisoma verandani, yeye akila karanga. Nikaweka mstari mwekundu chini ya jina la thelathini na nane.

"Huyu haendi."

"Nani? Aa. Mkuu wa wilaya ya Karadi? Shemeji, yule kijana ana kiburi."

"Wilaya yake haijapata mvua mwaka wa pili. Ameandika barua tatu kwamba malori ya maji ya shemeji yako yanafika nusu. Nimezisoma zote tatu. Ya tatu ameambatanisha picha ya watoto na ndoo."

Akaacha karanga. "Sasa umeanza kusoma na viambatanisho?"

"Vimo ndani ya jalada."

"Shemeji." Sauti yake ilikuwa bado laini. "Wewe ni mgeni hapa. Nimekuweka, nimekulinda. Usinilazimishe. Ninayo barua yako."

"Najua unayo."

"Naijaza tarehe leo hii."

Nilikitafuta kitu ndani yangu, hofu, hasira, chochote. Palikuwa na ubaridi mtupu, na katikati ya ubaridi lile neno dogo la Gavana limesimama. Nikikubali, kijana anaondoka na ndoo zile zinabaki tupu. Nikikataa, naondoka mimi kabla ya jua kutua, na orodha itasainiwa na mwingine kesho.

"Ijaze," nikasema. "Lakini huyu haendi."

Alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mto wake wa kulalia. Kisha akachukua viatu vyake mlangoni, akavaa, akaondoka. Gari lake likapinda upande wa Ikulu ya Gavana.

Nikabaki na maganda ya karanga. Nilianza kuyakusanya, maana sikujua mikono niipeleke wapi. Ndani bembea ikasimama.

"Barua hiyo," mama mkwe akasema, "ulisaini jina gani?"

"Ulilonipa wewe, mama."

Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Yule bikizee alikuwa anacheka, kikohozi kikavu cha mtu asiye na meno. "Rajlakshmi! Amempelekea jaji barua ya Rajlakshmi! Na jaji amemwapisha nani? Njoo hapa, mjinga wewe. Njoo."

Nikaenda, nikakaa chini karibu na miguu yake. Akanipapasa mpaka akaupata uso wangu.

"Siku ile ya mchele," akasema. "Mwanangu Dinkar hakutaka kulibadilisha jina lako. Aliniambia usiku wa kuamkia harusi, mama, jina lake ni zuri. Nikamwambia, la stesheni hilo. Asubuhi mbele ya watu wote akaanza kuandika Cha. Nikalifuta mimi, kwa kiganja hiki. Ulidhani ni nani?"

Nikakitazama kiganja kile.

"Akaandika la kwangu. Lakini nilikuwa nasikiliza. Miaka yote nilikuwa nasikiliza, nimsikie akikuita Rajlakshmi hata mara moja, hata chumbani. Hakukuita. Mkaidi yule."

Nilitaka kumwambia kwamba wanaume wa rika lile hawakuwaita wake zao majina, kwamba ilikuwa desturi, kwamba ndivyo ilivyokuwa katika kila nyumba. Nikafungua mdomo. Simu ikalia verandani.

Nikainuka nikaipokea. Laini ilikuwa mbaya, inakwaruza kama siku za mvua. Ilikuwa sauti ya Gavana mwenyewe, ikitembea kwa tahadhari kwenye lugha yetu.

"Mama, samahani, ni Jumapili. Nimeletewa barua hapa. Amesaini Rajlakshmi Nimbhore. Mtu huyo hayumo katika kitabu changu cha viapo. Sijapata kumwapisha. Huyu ni nani?"

Kiti cha mume wangu kilikuwa palepale, karibu na simu, kimeelekea bustani. Hakuna aliyekuwa amethubutu kukisogeza.

"Alikuwa mkwe wa nyumba hii," nikasema. "Hakuwahi kula kiapo."

"Na wewe je, unataka kujiuzulu?"

"Hapana."

"Basi nitamrudishia aliyeileta. Yupo hapa, anangoja." Laini ikakatika, ikarudi, ikakwaruza. "Unasikia?"

Nilishika ukuta. Mkono wangu ulikuwa na vumbi la karanga.

"Mama? Unasikia?"

Kitu kikapanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikafika usoni, na nilipokilamba pembeni ya mdomo kilikuwa na chumvi, chumvi kali, kama vile sijawahi kuionja.

"Nasikia," nikasema. "Nasikia, nakuja."

"Hapana, mama, hakuna haja ya kuja," Gavana akasema kwa upole. "Ni barua tu."